Unywele wa Bi Nurbanu

Kijiji kizima, hapa jirani na Usoke, mimi peke yangu nilikatazwa kushika jembe. Usinionee wivu. Tumbaku ikishakaushwa ndani ya bani, kile kijumba cha moto, huwa kama biskuti. Inabidi uisubiri inyonye unyevu wa hewa, ilainike, ndipo uitoe. Ukiwahi inakuwa unga, ukichelewa inaota ukungu. Wenzangu vidole vyao vilikuwa vimegeuka magome kwa kulima shamba la Ujamaa, jani wakilishika hawahisi kitu. Vyangu vilikuwa bado vya sekondari. Basi mwenyekiti, Mzee Marko, akaniweka bani: asubuhi nipapase majani, mchana nipapase, jioni nipapase tena.

"Nassibu ni mali ya kijiji," aliwaambia mkutanoni, wakapiga makofi. Hata trekta halikupigiwa makofi hivyo.

Kule Tabora, mjomba Saidi alikuwa amenishikia nafasi karakana ya reli, mwisho wake mwisho wa mwezi. Na bila ruhusa ya Mzee Marko huondoki.

"Shikamoo mzee. Nikikupa vidole vingine, utaniachia niende?"

"Marahaba. Vya nani?"

"Vya ubao."

"Vilete tuvione."

Nilikumbuka somo la fizikia: unywele hurefuka penye unyevu, hufupika pakikauka. Nywele zangu ni za kipilipili, hazinyooki hata kwa amri ya serikali. Nikaenda kuomba mmoja kwa Bi Nurbanu, Mhindi mwenye duka karibu na stesheni.

"Kijana, unywele wa mwanamke unampelekea mganga gani?"

"Mwenyekiti wa kijiji, mama."

Akacheka mpaka mizani ikatikisika, akachomoa mmoja mweupe kwenye chanuo lake. "Uoshe kwa sabuni kwanza. Umelala kwenye mafuta ya nazi huo, hata mvua haupokei."

Niliutundika mle bani kwenye ubao wa sanduku la chai, ncha ya chini nikaifunga kwenye njiti ya ufagio iliyoshikwa na pini, ndiyo mshale. Majani yalipokuwa makavu mshale ulipanda, nikaandika hapo KAVU. Yalipolainika vidoleni mwangu ukashuka, nikaandika LAINI.

Mzee Marko akaja kuhakikisha. Mshale KAVU: akashika jani, likammwagikia unga kiganjani. Asubuhi yake, mshale LAINI: akalikunja jani kama leso, halikukatika. Akautazama ule ubao kwa heshima ambayo sijawahi kuona akimpa mtu.

"Basi niende, mzee?"

"Uende wapi? Unywele ukikatika, nani atafunga mwingine?"

"Nimfundishe binti yako Getruda."

"Getruda analima."

Nikatoka moja kwa moja hadi shambani, nikamnyang'anya Getruda jembe, nikalima bila kusalimia mtu. Kufika mchana malengelenge yalikuwa yametoka na kupasuka. Nikampelekea Mzee Marko viganja vyangu kwa furaha kama napeleka zawadi.

"Tazama mzee. Vidole vimekufa. Kazi ya bani siiwezi tena."

Alivigeuza taratibu, akavipuliza kama vya mtoto.

"Pole, mwanangu. Sasa ndiyo naona faida ya ubao wako. Utakaa unautazama tu, hugusi kitu, mpaka vipone."

Kule stesheni treni ya Tabora ikapiga honi. Getruda akanifungulia mlango wa bani, maana mimi mikono ilikuwa haishiki komeo.

Mshale ulikuwa kwenye KAVU. Nikakaa.