Rafu ya Vilivyotobolewa

Karakana ya Fundi Kutu ilikuwa na rafu mbili, na mtu aliyezichanganya alikula kofi kwanza, maelezo baadaye. Rafu ya juu ilibeba vyuma kama vilivyotoka jalalani: gia zilizokatika meno, minyororo ya baiskeli, springi, vifuniko vya sufuria, mabomba. Rafu ya chini ilibeba vyuma vilivyokaguliwa. Kitu chochote chenye uwazi ndani na kilichozibwa pande zote, kiwe bomba au shokapu ya gari, hakikuteremshwa huko mpaka kitobolewe kwa drili, kitoe mafuta yake na hewa iliyobanwa. Ukikichomelea kabla ya hapo, joto hukivimbisha kila kilichomo, nacho hutafuta mlango. Asipokuwepo mlango, mlango ni wewe.

"Chuma kilichozibwa ni kama mtu mpole," Fundi Kutu alizoea kusema. "Hujui amebana nini mpaka siku apasuke."

Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akitengeneza wanyama kwa vyuma chakavu. Mwanzoni watu walimcheka. Walidhani ni mwokota takataka aliyerukwa na akili. Kisha wakaona mbuzi aliyetokana na mabomba ya moshi ya pikipiki, akiwa na kile kiburi hasa cha mbuzi, wakaacha kucheka wakaanza kununua. Lakini wanyama wake waliondoka wakaenda kukaa kwenye bustani za watu, na hapana hata mmoja aliyeandikwa jina la aliyemuumba.

Sasa halmashauri ya mji iliagiza farasi. Farasi mwenye urefu wa watu wawili, amesimama kwa miguu ya nyuma, awekwe mbele ya stesheni ya treni. Chini yake kitakaa kibao cha shaba chenye jina la mtengenezaji. Fundi Kutu alikuwa na miaka sabini na moja. Hakuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani ila kile kibao.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimemwoa binti yake wa pekee. Kijana huyo, ambaye hata wateja walimwita Mkwe, alikuja karakanani miaka kumi na miwili iliyopita akijua kuchomelea nondo za madirisha tu. Fundi Kutu akamfundisha yote. Sasa Mkwe alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mkono wake umetulia kama jiwe, na mikono ya mwalimu wake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwanafunzi akimpita mwalimu, mwalimu hupata sifa. Hivyo ndivyo vitabu visemavyo. Mkwe hakuwa msomaji wa vitabu.

Asubuhi aliyofika afisa wa halmashauri kukagua kazi, Fundi Kutu alikuwa amebana shokapu kwenye jiliwa, anajaribu kuitoboa. Zilikuwa shokapu mbili za lori, ndizo zilizokuwa ziwe miundi ya miguu ya mbele ya farasi. Drili ilikuwa ikiteleza. Kila alipoigusisha, ncha yake ilichora mkwaruzo juu ya chuma na kukimbia.

Afisa aliingia ameshika suruali yake isiguse kutu. Mkwe alikuwa mbele yake, akionyesha kwa mkono kama mwenye shamba.

"Na huyu mzee?" afisa aliuliza.

"Huyu baba mkwe wangu," Mkwe alisema. "Anakuja kutupangia pangia. Ukimwacha nyumbani anagombana na kuku."

Afisa akacheka. "Kwa hiyo kwenye kibao tunaandika jina moja?"

"Moja linatosha. Farasi hawezi kubeba watu wawili, si umeona amesimama vibaya?"

"Mimi ndiye niliyemchora huyo farasi," Fundi Kutu alisema.

"Kweli kabisa, bwana afisa, alimchora," Mkwe alisema. "Ndipo tukamrekebisha akafanana na farasi."

Wakacheka wote wawili. Mafundi wa karakana jirani, waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta, nao wakacheka. Fundi Kutu aliwasikia mmoja mmoja. Akaikandamiza drili tena, ikateleza tena, na safari hii ikampita kidole kwa unene wa karatasi.

Mkwe alikuja akaichomoa mikononi mwake, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Basi, mzee, basi. Utajitoboa goti mgeni adhani tunatengeneza chemchemi. Kamletee kiti."

"Sijamaliza."

"Kiti, mzee."

Fundi Kutu akaifungua jiliwa. Akaitoa shokapu na kuiweka pamoja na mwenzake mahali palipokuwa karibu na mkono wake, akaenda kutafuta kiti. Mahali hapo palikuwa rafu ya chini. Kwa maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo, na alipofanya, hakujua kuwa amefanya. Macho yake yalikuwa yamejaa maji ya hasira, na alikuwa akiwaza jambo moja tu: kiti kiko wapi.

Aliporudi amebeba kiti, Mkwe alikuwa amekwisha vaa kinyago cha kuchomelea na kukipandisha juu ya paji la uso. "Kaa uone mguu ukizaliwa," alikuwa akimwambia afisa. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya chini, akachukua shokapu. Hakuigeuza kutafuta tundu. Kwa nini aigeuze? Kwa miaka kumi na miwili mkono wake ulikuwa umeteremka kwenye rafu ile mara elfu, na mara elfu ile rafu haikumdanganya. Angeweza kumtilia shaka mzee katika mambo yote, lakini si katika hilo.

Fundi Kutu aliiona. Akaona pale penye mkwaruzo, na pale ambapo tundu lilipaswa kuwa. Akafungua kinywa.

"Mkwe," alisema.

"Mzee, tafadhali. Watu wazima wanafanya kazi."

Ukutani wakacheka tena.

Fundi Kutu akafunga kinywa.

Kuchomelea nukta ya kwanza hakuleti madhara, hilo alilijua. Nukta ya pili pia. Hatari huja unapoanza kuvuta mshono mrefu na chuma kikashika joto hadi moyoni. Ni dakika tatu, labda nne. Ni muda wa kutosha mtu kusema neno moja, hata kulisema mara kumi. Aliutazama mwanga wa buluu ukicheza kwenye kuta. Alimtazama Mkwe ameinama, mkono wa kushoto umeikumbatia shokapu, wa kulia unavuta mshono ulionyooka, mshono mzuri kuliko wowote aliowahi kuuvuta yeye.

Dakika ya pili alimgusa afisa begani. "Bwana, hamia huku nyuma ya nguzo. Huo mwanga utakuharibu macho."

"Ahsante, mzee," afisa alisema, akahama na kiti chake.

Mlio haukuwa mkubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ulikuwa kama mlango wa chuma uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Kipande cha ndani cha shokapu kilitoboa bati la paa na hakikuonekana tena. Mkwe alibaki amesimama, amekiangalia kitu kilichokuwa mkono wake wa kulia, na kwa muda kidogo alionekana kama fundi anayekagua kazi mbaya ya mtu mwingine. Kisha akaanza kupiga kelele.

Hospitali ilimkata mkono wa kulia juu ya kifundo. Wa kushoto wakamwachia kidole gumba na kinachofuata. Siku ya tatu aliweza kusema, na swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mzee, uliitoboa?"

Binti alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, anamlisha uji mumewe.

"Niliitoboa," alisema Fundi Kutu. "Drili uliyoninyang'anya ilikuwa kwenye ile nyingine."

Mkwe akafumba macho. "Basi tundu lilizibwa na mafuta mazito. Ni kosa langu. Ningechungulia." Machozi yakamtoka, na hakuwa na cha kuyafutia. "Nisamehe, baba, nimekuharibia farasi."

Ndipo afisa alipoingia na mfuko wa machungwa, mtu wa heshima aliyekuja kutoa pole. Akaushika mkono wa Fundi Kutu kwa mikono yake miwili. "Mama," alimwambia binti, "baba yako ameniokoa maisha. Hata hakijatokea kitu, akaniambia hamia nyuma ya nguzo. Nikahama. Ningekaa pale pale, leo ningekuwa nazungumzwa msikitini au kanisani."

Kijiko cha uji kilisimama hewani. Binti hakumtazama afisa. Alimtazama baba yake, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua fupi kwa mara ya pili.

Jioni hiyo Fundi Kutu alimkuta binti yake karakanani. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameishika shokapu iliyobaki, anaigeuza polepole, upande huu, upande ule. Alikuwa amekulia humo ndani; alijua anachokitafuta.

"Mwanangu, nilisahau," alisema. "Walikuwa wananicheka, nikaweka bila kuangalia. Nakuapia nilisahau."

"Ulisahau ulipoiweka," binti alisema. "Afisa hukumsahau."

Fundi Kutu alitafuta kiti akakikosa, akaegemea jiliwa.

"Kesho nitakwenda kumwambia mwenyewe," alisema hatimaye. "Acha anichukie. Ni haki yake."

"Huendi."

"Mama, siwezi kukaa na jambo hili."

"Utakaa nalo. Ukimwambia atakusamehe. Mimi ndiye ninayelala naye, namjua. Mdomo wake mchafu, moyo wake wa mtoto. Atalia, utalia, mtashikana, na wewe utatoka pale mwepesi. Mimi nitabaki namfunga vifungo vya shati mpaka nife." Aliirudisha shokapu mezani bila kelele. "Sitaki usamehewe, baba. Utamaliza farasi. Yeye atakaa pale akwambie weka hiki, toa kile, na wewe utafanya. Utakuwa mikono yake, kila siku, mpaka itakapokatika hiyo yako."

Na ikawa hivyo. Mwezi wa pili Mkwe alirudi karakanani, akawa anakaa juu ya kreti lililopinduliwa, mikono imefungwa vitambaa, anaelekeza. Matani yalikuwa yamekwisha. Alisema "tafadhali, baba," na "pole, baba, pumzika kidogo," na mzee alipokosea mshono alisema si kitu, tutausaga. Mafundi wa jirani walichungulia ukutani wasicheke. Walisema hawajaona mtu na mkwewe wakipendana namna ile, na kwamba kweli mateso huwafundisha watu.

Siku farasi alipopata shingo, Mkwe alikuwa na habari. Alisubiri mpaka mkewe alipoleta chai.

"Nimeongea na afisa," alisema. "Nimemwambia jina langu alifute. Kibao kitaandikwa jina lako peke yako, baba. Mikono ni yako, na farasi ni wako tangu mwanzo. Mimi nilikuwa mjinga."

Fundi Kutu aliishusha nyundo. "Hapana. Andikeni lako. Nakuomba."

"Usikatae, baba. Nimekwisha kusema."

"Mwambie hapana," Fundi Kutu alisema, na sasa alikuwa akimsemesha binti yake. "Mama, mwambie."

Binti alimimina chai, akakishika kikombe mdomoni mwa mumewe, akasubiri anywe funda mbili, akamfuta kidevu.

"Mpokelee, baba," alisema. "Mtu akikupa zawadi unasema nini?"

Fundi Kutu akasema asante. Sauti yake haikutetemeka. Iliyotetemeka ni mikono, na Mkwe alipoiona akamwonea huruma, akamwambia leo inatosha.