Anayeshindwa Ndiye Anayeandika

Baa yangu ina sheria moja tu, na niliirithi kwa marehemu baba pamoja na kaunta na madeni ya kuta zinazovuja. Ukishindwa mchezo wa vishale, hukimbilii bia. Unachukua kalamu, unasimama kando ya ubao, unawaandikia wawili wanaofuata. Unapiga hesabu zao, unazitaja kwa sauti, na mengine yote unafunga mdomo. Ndivyo tunavyofanya hapa Bottrop, mji wetu wa Ujerumani, na ndivyo wanavyofanya hata kwenye kumbi kubwa za mashindano. Mshindi anapumzika, aliyeshindwa anafanya kazi. Anayeona huo ni uonevu akacheze karata.

Mdogo wangu Maik alikuwa hajui kuandika. Hivyo ndivyo wateja walivyomtania: "Mpeni Maik kalamu tuone kama anajua upande wa wino!" Maana alikuwa hashindwi. Alianza kurusha akiwa amesimama juu ya kreti ya bia, na alipoota ndevu hakuna mwanamume wa mtaa huu aliyetaka kupambana naye. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Kishale kilitoka vidoleni kama vile hakikuwa na haja ya kusukumwa. Mimi dada yake ndiye niliyemlea baada ya mama kufariki, na nilijivuna kimoyomoyo, kwa sababu kwetu hapa mtu hasifiwi mbele ya macho yake. Nilimwambia tu asiache chupa tupu juu ya meza.

Mgodi wa makaa alikokuwa akifanya kazi ulipofungwa, wenzake walipelekwa depo ya mji kujifunza kuendesha mabasi. Maik akakataa katakata. Alikuwa amepata kadi, ile ya wachezaji wa kulipwa, inayodumu miaka miwili na ambayo bila hiyo hugusi mashindano ya maana. Mkewe Anja alimshonea shati lenye jina lake mgongoni, Sobotta, kwa herufi za njano. Mwaka wa kwanza alimchapa Mwingereza mmoja mwenye jina, tena kwenye televisheni. Mzee Uwe, mchimbaji mstaafu ambaye kiti chake kimekuwa pembeni ya kaunta tangu enzi za baba, alipanda juu ya meza na magoti yake mabovu, na ikabidi watu watatu wamshushe.

Halafu akaja mgeni.

Ugonjwa huo una jina lake, lakini wacheza vishale hawalitamki, wanaogopa kuuita. Baani kwangu tunasema mgeni. Mkono unagoma. Unainua kishale, unalenga, unavuta nyuma, na vidole vinakataa kuachia. Hakuna panapouma. Daktari anakupima mifupa na mishipa, haoni kitu, anakuambia upunguze mawazo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja mwenyeji augue.

Mara ya kwanza nilimwona kwa macho yangu siku ya ligi. Maik alikuwa amerudi kutoka safarini na akakubali kuichezea timu ya baa yetu ili kuwafurahisha wenyeji. Akasimama kwenye mstari, akainua mkono, na mkono ukabaki juu. Akavuta nyuma, akarudisha. Akavuta tena.

"We Maik, unasubiri basi hapo?" akapiga kelele mmoja wa timu ya wageni kutoka Gladbeck.

"Basi gani, na wakati depo aliikataa mwenyewe!" akadakia mwingine, na meza yote ikaangua kicheko.

"Fungeni midomo, mabwege nyie," akasema Mzee Uwe. Alikuwa ameweka glasi chini. Alikuwa amekwisha kuona.

Nami niliona jinsi wachezaji wetu walivyosogea. Polepole tu, kila mtu na kisingizio chake, huyu anakwenda chooni, yule anatafuta kiberiti. Wanaamini mgeni anaambukiza. Wanaamini ukimtazama sana mtu wa namna hiyo, usiku unalala na mkono wako, asubuhi unaamka na wa kwake. Toka siku hiyo hakuna aliyetaka kufanya naye mazoezi. Watu aliowafundisha mwenyewe! Ningeweza kuwamwagia bia yote usoni, ila ilikuwa bia nzuri.

Jumapili moja Anja alikuja jikoni kwangu nikiwa nakatakata viazi vya saladi. Hakuvua koti.

"Wifi, anarusha vijiko."

"Vijiko?"

"Anashika kijiko, anakirusha kwenye sinki, kinatoka vizuri kabisa. Anarusha soksi, anarusha funguo, vyote vinatoka. Akishika kishale tu, basi. Jana nimemkuta amekaa sakafuni, mkono kaufunga kwa taulo, anaongea nao. Anauambia tafadhali. Wifi, mume wangu anauomba mkono wake mwenyewe tafadhali!"

"Umemwambia kitu?"

"Nimemwambia depo wanachukua watu wapya. Akaniuliza, kwani mimi ni dereva?" Akakaa, akachukua kipande cha kiazi, akakirudisha. "Mimi sitaki kadi, sitaki televisheni. Nataka alale usingizi."

Maik alijaribu kila kitu. Alikwenda kwa mwanamke mmoja wa Essen anayewalaza watu usingizi kwa maneno. Alilala vizuri, akaamka, mkono ukagoma. Alijaribu vishale vizito, alijaribu vyepesi, alijaribu mkono wa kushoto mpaka ukuta wangu ukawa na matundu kama chujio. Mzee Uwe alikuwa na tiba yake mwenyewe.

"Usikifikirie kidole. Fikiria soseji. Fikiria mama mkwe wako. Ukifika mstarini usisimame, rusha kabla mgeni hajajua kama umefika."

"Mzee, yeye anafika kabla yangu," Maik akamjibu.

Kadi ikaisha muda wake. Ilibaki njia moja, mashindano ya kuipigania upya mwezi wa Januari, katika mji wa Hildesheim, ambako mamia ya watu hukaa ukumbini siku nne wakitolewa mmoja mmoja. Anja alisema hawezi kutazama, akabaki nyumbani. Nikaendesha mimi, Mzee Uwe pembeni yangu, Maik nyuma.

Na Mungu ana utani wake, siku tatu za mwanzo mgeni hakuonekana. Au alionekana kidogo tu, mlangoni, kisha akaondoka. Maik alishinda, akashinda tena. Asubuhi ya siku ya mwisho tulijua hesabu ilivyosimama. Mchezo mmoja. Akishinda, kadi ya miaka miwili. Akishindwa, hana kitu, na kwa umri wake asingepata tena.

Tulipokuwa tunaegesha gari aliniambia, "Silke, nikishindwa leo sijui nitaingiaje nyumbani."

"Kwa mlango, kama watu wengine."

"Sitanii, dada."

"Hata mimi sitanii," nikasema, nikazima injini. Nilikuwa na hofu. Niliogopa mambo ambayo sitayaandika hapa.

Mpinzani wake alikuwa kijana wa Kassel, Jannis, fundi wa kuezeka paa, mpole, mwenye adabu zake. Wa kwanza kufikisha raundi sita ndiye mshindi. Walicheza kwenye ubao wa nyuma kabisa, kule ambako hakuna mitambo wala skrini, matokeo yanaandikwa kwa kalamu kama kwangu. Mgeni aliingia raundi ya tatu. Maik alijikaza. Alirusha huku anatembea, alirusha amefumba jicho, jasho likamtoka mpaka jina la mgongoni likagandamana na ngozi. Na bado, kwa ubishi wa ukoo wetu, wakafika tano kwa tano.

Raundi ya mwisho. Mnaanza na mia tano na moja, mnashuka, na lazima mtu amalizie sifuri kamili kwa kupiga ule ukanda mwembamba wa nje unaohesabu mara mbili. Maik akatangulia kubakiza thelathini na mbili. Yaani kumi na sita, mara mbili. Kila mchezaji anaipenda namba hiyo kwa sababu ina huruma. Ukikosea kwa ndani unabakiwa na nusu yake, na nusu hiyo nayo inagawanyika, mpaka chini. Alikuwa na vishale vitatu mkononi, na kijana wa Kassel alikuwa bado mbali kidogo.

Kishale cha kwanza kilichelewa kutoka, kikaukosa ukanda kwa upande wa ndani. Zikabaki kumi na sita.

Cha pili, vilevile, ndani kwa upana wa unywele. Nane.

Ilitosha nne mara mbili. Nimemwona akipiga hiyo akiwa amelewa, akiwa na homa, akiwa na mtoto wa jirani begani. Akainua mkono. Akavuta nyuma, akarudisha. Akavuta, akarudisha. Ukumbi ule, ubao huu kwa ubao ule, ukaanza kunyamaza, kwa sababu wachezaji wote wanakijua hicho wanachokitazama. Wengine wakageuza nyuso zao. Mzee Uwe alikuwa anasema soseji, soseji, soseji, kwa midomo tu, na machozi yanamtiririka kwenye mashavu. Mimi nilisema achia. Achia, mdogo wangu. Achia, mpumbavu wewe, achia!

Mkono ukatetemeka, na kishale kikatoka vibaya, kikadondoka sakafuni hatua moja mbele ya kiatu chake.

Jannis akaja mstarini, akamaliza kwa vishale viwili. Hakushangilia. Akamshika Maik bega.

"Samahani, kaka."

"Samahani ya nini? Umeshinda," Maik akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikachukua koti lake, nikapenya katikati ya watu. "Twende nyumbani."

"Siwezi. Naandika."

"Maik, hakuna mtu atakayekulaumu."

Hata mama msimamizi alikuja, akamwambia taratibu kwamba atatafuta mtu mwingine, aende tu akapumzike. Maik akatikisa kichwa. "Nimeshindwa. Naandika mimi." Kisha akanigeukia. "Baba angesemaje, Silke?"

Baba angesema hivyohivyo, mzee yule mkaidi, na wakati ule nilimchukia hata kaburini.

Basi akachukua kalamu. Wawili waliofuata walikuwa wanagombea kadi nyingine, na mikono yao ilikuwa mizima, vishale vinaruka tu. Mdogo wangu akasimama kando ya ubao, na shati lake la herufi za njano, akawahesabia. Mia na arobaini, umebakiwa na mia mbili na kumi na moja. Sitini, umebakiwa na themanini na moja. Hakukosea hata mara moja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, tarakimu zimepangana wima, na mimi dada mtu ndiyo kwanza ninauona. Alisimama bila kutikisika, kama inavyotakiwa, ili asimkere anayelenga. Mmoja wao alipobakiwa na thelathini na mbili, Maik aliitaja namba hiyo kwa sauti ileile, wazi, na yule mtu akaipiga kwa kishale kimoja.

Ukawa mwisho. Aliyeshindwa, bwana mmoja mnene wa Bremen, akaja kuchukua kalamu kwa zamu yake. Akanyoosha kiganja. Maik akanyoosha mkono wa kulia, na vidole vikafunguka. Bila kusita, bila kutetemeka. Kalamu ikatua kwenye kiganja cha yule bwana.

Maik akabaki ameutazama mkono. Akaufumba, akaufumbua.

"Umeona, dada?"

"Nimeona."

"Umeachia." Akacheka. "Kalamu unaachia. Vijiko unaachia. Umeona ulivyoachia vizuri?" Akaendelea kucheka mpaka kicheko kikakatika, akaanza kulia, mwanamume mzima katikati ya ukumbi, na wachezaji waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakificha mikono yao mifukoni.

Niliwalaani wote kwa macho. Kisha nikamvisha koti, na mkono ule wa kulia, ambao kwa hasira zangu ningeweza kuung'ata, nikaushika kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa wa moto. Ukanikamata.

Mzee Uwe ndiye aliyeendesha gari kurudi, polepole, na miwani yake ya siku zote iliyopasuka upande mmoja, madereva wengine wakitupigia honi. Mimi nilikaa nyuma na Maik. Sikuwa na hiari, maana mkono ule haukuniachia mpaka Bottrop.