Jivu la Kapusi

Mama Gertrude alipokimbia vita Djugu, hakuokoa kitu ila paka wake, Kapusi, ndani ya kitunga. Huku Mudzipela Kapusi alilala jivuni kama zamani, na kila asubuhi mama alizamisha pua shingoni mwake: moshi, maharagwe, jiko la kwao.

Jumapili moja, wageni wakisubiriwa kutoka Aru, Tina, mke wa mwanawe, akamwogesha paka. Tena kwa sabuni ya marashi!

Mama alimnusa, akamweka chini. "Tina, nyumba yangu ilibakia humu tu, mu manyoya. Na weye umeiosha."

Tina alicheka, hadi alipoona machozi. Akapiga magoti na nguo yake ya misa, akatandaza jivu lenye vuguvugu kwa viganja.

"Kuya, Kapusi, lala humu," akasema. "Urudishe mama nyumbani."