Nani Alipiga Solo

Sijawahi kumpenda Aliko, hata tulipokuwa bendi moja. Watu husema wanamuziki ni ndugu. Labda hao wa kwaya. Sisi watano wa Kalulu Five tulisafiri nyuma ya lori moja, tukala nshima, ugali wa huko, sahani moja, na mimi na Aliko hatukukubaliana jambo hata siku moja. Mimi nilimhusudu yule Mmarekani wa mkono wa kushoto aliyechoma gitaa lake jukwaani. Aliko alimpenda Mwingereza fulani anayepiga polepole kama mtu anayekunywa uji wa moto. Tuliwahi kupigana ngumi kwa ajili ya watu ambao hawakujua hata Tunduma iko wapi.

Rock tuliipigia ng'ambo, Zambia, maana huko ndiko ilikokuwa na wenyewe. Tulivaa suruali za bugaluu, na tukivuka kurudi huku tulizificha chini ya spika, kwa kuwa upande wetu zilikuwa na kesi. Mimi nilishika gitaa la solo. Aliko alishika rithimu. Hilo kila mtu alilijua, na wengi wa hao kila mtu sasa wamekufa.

Mwezi uliopita Violet alinipigia simu kijijini kwangu Hasamba. Ni binti wa Lusaka anayekusanya muziki wa zamani. Alikuwa amepata kanda ya onyesho letu la mwaka sabini na tano, pale ukumbini Nakonde, na ilikuwa itolewe upya kwenye santuri yenye majina yetu. Akaniomba nije Tunduma, nyumbani kwa Aliko, tuhakikishe majina. Niliacha kahawa yangu juani nikapanda gari.

Nilimkuta Violet sebuleni na karatasi mkononi. Aliko alikuwa kwenye kiti chake, hakuinuka.

"Gitaa la solo, Aliko," Violet akasoma. "Gitaa la rithimu, Efraimu." Efraimu ni mimi.

"Nani kakwambia upuuzi huo?" nikamuuliza.

"Bashikulu Aliko mwenyewe," akasema. Wazee wote kwake ni bashikulu, yaani babu, hata wasiostahili. "Lakini sikumwamini yeye peke yake. Nina shahidi."

Akabonyeza simu. Sauti ya mzee Yesaya wa Ndalambo ikatoka, imechoka lakini ni yake. Enzi hizo Yesaya hakukosa onyesho. Violet alikuwa amemuuliza nani alikuwa fundi wa solo.

"Solo?" Yesaya akajibu. "Aliko huyo. Hatukumuweza. Hata ukianza wewe, anakusombea kete zote."

Aliko alikunja mikono akanitazama kama hakimu. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa.

"Rudia hapo mwisho," nikamwambia Violet. Akarudia. "Sasa niambie, mwanangu, gitaa gani lina kete?"

Violet akaitazama simu yake.

"Mzee anazungumzia isolo. Bao. Yale mashimo tunayochimba chini. Wewe umemuuliza solo, yeye kasikia isolo, na hajakosea. Kwenye bao Aliko alikuwa fundi. Na mwizi wa kete pia."

"Chunga mdomo, Efraimu," Aliko akasema.

"Nimeuchunga miaka hamsini."

Violet alikata mstari kwenye karatasi yake, uso umemshuka. Alisema majina yanatakiwa kiwandani jioni ile, na asipopata uhakika ataandika bendi tu, bila kusema nani alipiga nini. Sina kingine nilichofanya duniani ambacho mtu wa Lusaka angekitafuta.

"Uhakika upo," Aliko akasema. Akatoa gitaa nyuma ya kochi. "Mwenye solo anaijua solo. Mimi nitapiga, kisha yeye apige."

Alijua anachofanya. Mwaka themanini na tisa mashine ya kumenya kahawa ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule wa kushikia nyuzi. Aliko alikuja hospitali, akautazama mkono, akaondoka bila kusema pole.

Akaanza kupiga. Nilitaka akosee. Niliomba akosee, Mungu anisamehe. Hakukosea. Ilikuwa solo yangu yote, na ule mkwaruzo wangu wa mwanzo, na pale nilipokuwa napanda taratibu halafu nashuka mbio. Vipande vingine nilikuwa nimeshavisahau mimi mwenyewe. Amefumba macho, kichwa kimeinama, mzee mwenye meno manne, anapiga kwa vidole vyake vyote.

"Kwa nini hapo unaruka?" Violet akauliza. "Hata kwenye kanda kuna pengo hilo."

Aliko hakufumbua macho wala hakuacha kupiga. "Hapo uzi mwembamba ulimkatikia, akakimbilia wa tatu."

"Ulimkatikia nani, bashikulu?"

Vidole vikasimama. Nje lori lilipiga honi kwenye foleni ya mpakani. Aliko akanitazama kwa chuki, nami nikamrudishia ileile.

"Njia ya mwongo fupi," nikamwambia.

Violet akaivuta karatasi. Akageuza kalamu, akaandika Efraimu palipokuwa Aliko, na Aliko palipokuwa Efraimu. Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kwa ubaya kabisa, nikamwangalia Aliko ili aone jinsi ninavyofurahi.

Aliko aliinuka. Akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea gitaa mapajani.

"Haya, jina umepata," akasema. "Piga sasa."

Violet akainamia karatasi zake. Niliweka mkono kwenye nyuzi. Vidole vitatu vilitafuta mahali pa kushika, vikatoa mlio kama wa bati linaloburutwa. Nikauondoa mkono.

"Mimi nimelala na solo hii miaka hamsini," Aliko akasema. "Kila siku. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Hasamba. Nilichuma kahawa, nikauza gitaa, na muziki wa bendi ukipigwa redioni nilizima. Nilimrudishia gitaa lake. Nilichotaka ni apige tena, tangu mwanzo, niisikie. Lakini kumwomba Aliko kitu sijapata kuweza, nikachukua kofia yangu nikaondoka.