Ini la Mbuzi wa Jethro

Mume wangu Jethro alifundisha hesabu miaka mingi hapa Ekerenyo, na tangu astaafu anatafuta tu kitu cha kugawanya. Wanafunzi wake walimzawadia mbuzi wa maziwa, na nadhani anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Mbuzi huyo alipopata minyoo, Jethro alichukua dawa ya ng'ombe wetu, akagawanya kipimo kulingana na uzito, akamnywesha bila kumuuliza mtu.

Mbuzi akazidi kudhoofika. Aliposhindwa kusimama tulimlaza jikoni kwa Kemuma, mke wa mwanetu, ambaye ni daktari wa mifugo. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, wala mkwe hamkosoi usoni. Jethro alisimama nje penye migomba, Kemuma akachutama ndani, nami nikawa tarishi wao.

Kemuma aliniambia kipimo kilikuwa kidogo mno. Mnyama akiwa mdogo, alisema, kila kilo ya mwili wake hufanya kazi kwa haraka zaidi. Ini la panya huivunja dawa upesi kuliko la mbuzi, na la mbuzi upesi kuliko la ng'ombe. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini kabla minyoo haijadhurika. Niliyafikisha hayo nje. Jethro akajibu kwamba kilo ni kilo. Nikarudi ndani, nikatoka tena. Akasema kuongeza dawa ni kumuua mbuzi wake, na hataki.

Nilikasirika. Niliwaambia wabishane na ukuta, nikaketi.

Mbuzi alikuwa akipumua kwa shida, na Jethro alimsikia huko nje aliko. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini:

"Kemuma, huyu ataishi?"

"Tata," Kemuma akajibu, akimwita baba kwa lugha yetu, "akipata dawa ya kutosha, naona ataishi. Tukingoja, hapana."

"Basi mpe vile unajua."

Akampa. Jethro hakuondoka pale kwenye migomba hadi chai ya jioni ikapoa.

Juma lililofuata mbuzi alikuwa amesimama, anatafuna majani ya ndizi, nami nilifurahi waziwazi. Siku ya kuwapa ng'ombe dawa ilipofika, Jethro aliiweka chupa mlangoni kwa Kemuma, akarudi nyuma hatua chache.

"Hata hawa upime wewe," akasema. "Mimi nitawashika."