Kosa la Katikati ya Njia

Mwanamume aliyebisha mlango wa Verna Unruh alasiri ile ya Aprili alikuwa ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope, naye ameegemea fimbo kama mtu aliyevuka nchi nzima kwa miguu. Kumbe alikuwa ametoka barabarani tu, ambako upepo ulikuwa umelisukumia gari lake mtaroni.

"Samahani, mama. Gari limelala mtaroni na simu yangu haishiki mtandao."

"Ingia. Ila hilo vumbi ni la shamba langu, likung'ute huko huko nje."

Mtu yule akacheka, akakung'uta. Jina lake lilikuwa Wendell Ochs. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa huko Colorado mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipomteremsha kwenye ngazi. Siku hizi miguu yake ilikuwa ikikakamaa ghafla, misuli ikajikunja kama kamba iliyoloana. Alikuwa njiani kwenda Missouri, kwa dada yake Noreen, ambaye bintiye angeolewa Jumamosi.

Verna alikuwa mjane, akilima ngano peke yake. Akamwekea kahawa na bieroksi mbili, yale maandazi ya nyama na kabichi aliyofundishwa na mama mkwe wake. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu wa wilaya ile hulifanya gari la mgeni likiingia mtaroni: akampigia simu askari. Huko Kansas magharibi askari ndiye mwenye mnyororo. Ndiye avutaye magari, ndiye arudishaye ng'ombe waliovunja ua. Na askari wa zamu siku hiyo alikuwa Brent Holdeman, aliyefundishwa Biblia na Verna mwenyewe kila Jumapili alipokuwa mtoto.

Brent akaja akipiga mluzi. Akalivuta gari hadi uani, akakubali bieroksi. Ndipo mguu wa Wendell ulipokakamaa. Uso ukamsawijika. Akatoa kipakiti mfukoni, akatafuna kidonge laini kama peremende ya jeli, kisha kwa adabu akamwonyesha Brent kadi yake.

"Usiwe na wasiwasi, afande. Ni dawa ya bangi. Daktari wangu ndiye aliyeniandikia."

Brent akaacha kutafuna. Aliitazama kadi ile kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba isomeke vingine.

"Bwana, hii kadi ni ya Colorado."

"Ndiyo."

"Hapa ni Kansas."

"Brent," Verna akaingilia, "maliza kula uende zako."

"Siwezi, Bi Verna. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi fumba! Nilikuita uje kuvuta gari, sikukuita uje kuvuta mtu!"

"Mimi sikutunga sheria. Hapa hakuna bangi ya mgonjwa wala ya starehe, zote ni moja. Kosa la kwanza ni mpaka miezi sita jela, na faini mpaka dola elfu moja."

"Anakotoka ni dawa. Anakokwenda wanaiuza dukani hata kwa asiyeumwa. Huku kwetu katikati ndiko anakuwa mhalifu? Na ugonjwa wake nao uliambiwa usubiri mpakani?"

Brent akaweka bieroksi chini, akamwomba Wendell ainuke waende kituoni. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikuwa msumeno wa namna gani, uliokuwa ukikata upande mmoja tu wa mstari usioonekana hata ardhini? Verna alikumbuka vidonge vya maumivu alivyopewa marehemu mumewe Loyd kwa baraka zote za sheria, vilivyomfanya asahau jina la mkewe kabla hajafa. Kwa vidonge vile hakufungwa mtu.

Wendell alikuwa akihangaika kuinuka. "Mama, usigombane na kijana kwa ajili yangu. Mimi huku hakuna anijuaye."

"Mimi nakujua. Umekula mezani kwangu." Verna alimshika kiwiko mpaka kwenye gari la askari. Mikono yake ndiyo iliyobonyeza ile simu ya kumwita askari. "Siku ya kesi nitakuwepo. Nitakaa upande wako, na sitaondoka mpaka tutoke pale mlangoni pamoja."

Harusi ilifungwa Wendell akiwa rumande. Jumatatu Noreen akaja kumwekea dhamana.

Habari haikuchelewa kufika kituo cha mafuta. "Tunasikia umefungua duka la bangi, Bi Verna," mzee Orville alimchokoza mbele ya watu.

"Nimefungua. Na akili pia nauza, Orville, ila kwa kiasi unachohitaji wewe nitamaliza ghala zima."

Watu wakacheka, lakini Jumapili benchi lake kanisani lilibaki na nafasi pande zote mbili.

Kesi iliangukia Juni, siku ileile ambayo wavunaji wa kukodi walipangwa kufika shambani kwake. Wavunaji hao huanzia Texas, hufuata ngano inavyoiva kuelekea kaskazini, wala hawamsubiri mtu. Wao huja na mashine. Mwenye shamba ndiye hupeleka nafaka ghalani kwa lori lake. Verna alipiga simu kwa majirani wote kutafuta dereva. Kila mmoja alikuwa na mavuno yake, au alisema hivyo.

Asubuhi hiyo aliegesha lori kando ya shamba, funguo zikining'inia ndani kwa yeyote atakayehurumia, akaenda mjini na viatu vyake vya kanisani. Mahakamani wakamwambia kesi imesogezwa hadi baada ya chakula cha mchana. Akiwa ngazini, simu ikalia. Alikuwa Harlan, mkuu wa wavunaji.

"Mama, tenki la ngano la mashine limejaa, na lori halina dereva. Uko wapi?"

"Mahakamani."

"Umeshtakiwa?"

"Sijashtakiwa. Nimeahidi."

"Magharibi kuna wingu jeusi, lina rangi ya kijani chini yake. Unajua maana yake. Mvua ya mawe ikipiga, hapa patabaki mabua. Ukija sasa hivi tutaokoa nusu. Usipokuja nahamia shamba linalofuata."

Verna alitazama magharibi. Aliliona lile wingu. Ngano ile ilikuwa mwaka wake mzima.

"Hamia, Harlan," akasema. Akazima simu.

Wendell alikuja kwa basi, bila dawa yake, maana asingethubutu kuivusha mpaka tena. Alikuwa amekakamaa kuanzia kiunoni. Alipoingia, macho yake yalipita kwenye mabenchi matupu mpaka yakamkuta Verna, aliyeketi nyuma tu ya kiti cha mshtakiwa. Akaegemeza fimbo yake mezani, akaketi.

Mwendesha mashtaka akaomba siku sitini jela, ili wapita njia wajifunze. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ana mtu yeyote katika wilaya hii.

Verna akasimama. "Ana mimi, mheshimiwa. Huyu ni mgeni wangu. Na mkimfunga, mwambieni na mguu wake umekosa nini."

Watu wakageuka. Brent, pale ukutani, aliinamisha kichwa. Hakimu akamtia hatiani, kisha akasema jela itaahirishwa kwa mwaka mmoja, na asipokosa tena hataingia. Faini italipwa, na dawa haitarudishwa. Yaani mgonjwa alisamehewa kuumwa, ila akatozwa. Verna aliuma meno asije akamwongezea Wendell kosa.

Juu ya paa mawe yalianza kudunda, moja moja, halafu kwa pamoja. Mtu fulani akakimbilia dirishani. Verna hakwenda.

Ukumbi wa mahakama ile ulikuwa mrefu, na Wendell aliweza kusogeza mguu mmoja kisha akapumzika.

"Mama, hiyo mvua... Tangulia wewe. Nitafika tu."

"Tunatoka pamoja," Verna akasema, akampa kiwiko chake, na wakauanza mwendo kwa hatua za Wendell.