Mtoro kwa Wino Mwekundu

Niliandikwa mtoro nikiwa darasa la sita, kwa wino mwekundu, na mwalimu ambaye hakuniuliza hata neno moja. Siku nne nilijificha nyumbani kwa sababu ya mwenye mashine ya kusaga, baba wa watoto watano, aliyekuwa akinivuta ndani kila nikipita. Yeye hakuandikwa popote. Amezeeka na heshima zake zote, mimi nikaishia kwenye cherehani, masomo nikayamalizia kwenye magazeti ya kufungia sukari. Msidhani nimesahau. Nakumbuka hata rangi ya kandambili zake.

Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu ninayemlea, aliponiletea barua ya shule, niliisoma nimesimama. Mwanao ni mtoro wa siku tisa. Akifikisha kumi atafutwa daftarini, na mtihani wa mwisho hatafanya.

"Siku tisa! We binti, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nakaa bombani, mama mdogo. Nangoja atoke pale. Asipotoka, narudi."

"Nani huyo?"

"Salamu."

Fundi baiskeli wa kona ya shule. Jina hilo kalipata kwa kazi yake ya pili: kila msichana anayepita lazima ampe mkono, na akishaupata hauachii. Anauvuta, anaukanda, anauliza maswali ambayo siyaandiki hapa. Watu wazima wanapita wanacheka. "Si anasalimia tu!" Hata mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kucheka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, utepe wa kupimia bado shingoni. Ni mama mpole, amechoka na barua za wakubwa. Mezani daftari la mahudhurio, limevalishwa gazeti.

"Mama fundi, mimi sina kinyongo na mtoto. Utaratibu ndio huo. Tiki, kaja. M, mgonjwa. T, mtoro."

"Na aliyezuiwa njiani?"

"Huyo hana herufi."

"Basi mpe. Z. Kazuiwa. Na pembeni jina la aliyemzuia."

"Mkaguzi akiona je?"

"Akiona asome! Kwani kazi yake nini?"

Akavuta mtoto wa meza, akatoa rula. Siku hiyo yeye na mwalimu wa kike wa darasa waliwaita wasichana mmoja mmoja, mlango umefungwa. Jioni akanionyesha. T thelathini na moja zimegeuka Z, tisa kati yake za mpwa wangu, na pembeni jina moja tu, linajirudia kama mshono.

Jumamosi kikaitishwa kikao cha wazazi. Salamu naye alialikwa, akaja na shati lililopigwa pasi, akakaa mstari wa mbele. Alidhani anakuja kushukuriwa kwa kuziba pancha ya baiskeli ya shule bure. Hata mkono alinipungia.

Mwalimu mkuu akasoma. Majina ya wasichana hayakutajwa, hilo tulikubaliana mapema. Tarehe fulani: Z, kazuiwa na fundi baiskeli. Tarehe fulani: Z, kazuiwa na fundi baiskeli. Kufika ya nane, Salamu akaruka kitini.

"Jamani, mimi nasalimia tu!"

Bibi muuza nyanya akainuka, akamnyooshea mkono wake wenye sugu. "Haya, nisalimie mimi. Uvute hivyo hivyo, wanangu wakiona."

Mtu akacheka nyuma, kicheko kikamfia kooni, maana mama mwingine naye alinyoosha mkono, na mwingine, mpaka mbele ya uso wa yule bwana ikawa mikono mitupu. Akaangalia sakafu.

"Futeni hilo jina," akasema. "Niandikeni chochote. Niandikeni hata mtoro."

"Mtoro ni mwanafunzi," mwalimu mkuu akamjibu. "Wewe hapa hata kuandikishwa hatukuandikishi."

Hapo kicheko kikarudi, safari hii kikiwa chetu. Lakini kicheko peke yake mimi sikiamini, nimeona vingi vikipita. Nakala ya daftari tuliipeleka polisi wenyewe, wazazi kumi na wawili kwa miguu, na hatukubanduka mpaka ikagongwa muhuri. Kesi inaendelea. Banda lake la baiskeli limehama. Kila asubuhi wazazi wawili husimama pale konani kwa zamu, baba mmoja na mama mmoja.

Zamu yangu ni Jumanne. Juzi mpwa wangu alinipita mbio, mkoba unampiga mgongoni, kengele imeshalia.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba! Umechelewa, we mvivu!"

"Kuchelewa nako kuna herufi?" akapaza sauti, tayari yuko getini.

Nilibaki konani, mikono kiunoni, natabasamu peke yangu kama mwehu.